Teminali ya Mama Mkwe

Kuna wanaume wanaopenda mpira, kuna wanaopenda pombe, na kuna Felisian wa Makoko, pale Musoma, aliyependa teminali. Teminali ni lile dirisha la kompyuta lisilo na picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri, mashine inatii au inakugomea, basi. Watu wengi wakiliona limejitokeza hulifunga mbio wakidhani wameharibu kitu. Felisian akiliona alitabasamu.

Alikuwa na kibanda cha kutengenezea kompyuta kule Buhare, na kompyuta yake mwenyewe, aliyoiwekea mfumo wa Linux, haikuwa na kitu kingine usoni zaidi ya dirisha hilo. Aliliondolea fremu. Akaliondolea kichwa. Akalipunguzia rangi hadi picha ya ziwa iliyokuwa nyuma yake ikapenya, kisha akalipachika pale pale juu ya picha, hivi kwamba ungeapa maandishi yanaelea majini. Kwaresima nzima wenzake walifunga nyama, yeye alikuwa anachagua kijani.

"Umemaliza?" mkewe Happyness alimuuliza siku ya mwisho.

"Nimemaliza."

"Sasa inafanyaga nini?"

"Yale yale iliyokuwa inafanya zamani."

Happyness akatoka nje kugeuza dagaa. Mwanamke mwingine angesema neno, lakini huyu alilelewa vizuri, na aliyemlea ndiye tunayemjia sasa.

Mama Ghati alikuwa mwalimu mstaafu, Mkurya aliyeletwa Butiama na ndoa na kubakizwa huko na ng'ombe. Kijiji kizima kilimwogopa kidogo, hata waliomzidi umri, kwa sababu nusu yao alishawahi kuwapigisha magoti mbele ya darasa au kuwapigisha magoti watoto wao. Alikuwa katibu wa ushirika wa wafuga ng'ombe wa maziwa, na alishika mila ya ukwe kwa mikono miwili. Kwake yeye, mama na mume wa binti yake hawasalimiani kwa mkono, hawakai benchi moja, hawatajani majina, wala hawapigi soga. Padri alishamwambia kwamba siku hizi mambo yamelegea. Alimjibu padri kwamba yaliyolegea ni yake padri, ambaye hana mkwe.

Kwa hiyo tangu Felisian aoe, neno alilowahi kupata kutoka kinywani mwa mama mkwe moja kwa moja lilikuwa "karibuni", tena lilikuwa la wingi, na alikuwa amesimama katikati ya watu. Mengine yote yalipitia kwa Happyness, na hayakuwa matamu. Mama anasema mwanaume wa kukaa anatazama giza siku nzima hajapata kumwona. Mama anauliza kama hiyo ni kazi au ni ugonjwa. Felisian alikuwa mtu wa kucheka, na alicheka, lakini ilimuuma. Alikulia Bugwema bila mama, kwa shangazi mwenye mkono mwepesi wa kofi, na alipooa alitumaini kimoyomoyo kwamba pamoja na mke angepata na mama. Akapata ukuta.

Basi ushirika ukapewa kompyuta kuukuu na shule moja ya Bunda iliyokuwa imepata mpya. Fundi wa kwanza aliyezitazama alishauri zitumike kuzuia milango isigongwe na upepo. Mzee Enoka, mwenyekiti, ambaye hakupenda kutupa kitu, akamwita Felisian. Felisian akaziwekea Linux, zikaamka zote, na Mzee Enoka akapiga makofi peke yake ofisini.

Tatizo likawa moja: kompyuta ya kwanza ilikuwa ya katibu, na fundi haruhusiwi kukaa kando ya katibu.

Suluhisho lilipatikana stoo. Ofisi ya ushirika ilikuwa ndani ya ukumbi wa mikutano, pembeni, na nyuma ya ukuta wake kulikuwa na chumba cha kuhifadhia makopo ya maziwa. Felisian akakaa humo na laptop yake, akatoboa tundu ukutani, akapitisha waya hadi kwenye kompyuta ya mama mkwe. Kisha akatengeneza teminali moja ya watu wawili: anachoandika huyu, yule anakiona, na yule akiandika, huyu anakiona. Yeye aangalie kwake, mama aangalie kwake, mila ikae katikati kwenye matofali. Felisian alijiona mjanja sana.

Ila mazungumzo bado yalipitia kwa Happyness, kwa simu, ingawa wawili hao walikuwa wametenganishwa na tofali moja na kila mmoja alimsikia mwenzake akikohoa.

"Mama anasema nyeusi ni rangi ya msiba," Happyness alisema kutoka Makoko.

Felisian akafungua faili la mipangilio, akabadilisha rangi ya nyuma ikawa maziwa.

"Mama anasema sasa imekuwa uji."

Akaweka kijani cha majani ya mgomba, maandishi meupe.

"Mama anasema afadhali. Ila anasema hiri dirisha..." Happyness akacheka, maana alikuwa amemwigiza mama yake bila kukusudia. "Hili dirisha linaranda. Akifungua daftari la maziwa humo kwenye kompyuta linajificha, akilifunga linarudi. Anasema kitu cha kurandaranda ofisini kwake hakitaki."

Felisian akaona amefika kwenye kazi aipendayo. Akaamua kuipachika teminali ndani ya dirisha la daftari la maziwa lenyewe, chini, isiwe na fremu wala kitufe cha kuifungia, ikae kama sehemu ya ukurasa. Kompyuta hulipatia kila dirisha namba, na ukiitaja namba hiyo unaweza kuliambia dirisha jingine likaishi ndani yake. Akaitafuta namba, akaiandika kwenye amri, akaenda zake Musoma akiimba.

Kilichomponyoka, na alikijua vizuri ila furaha ilimlevya, ni kwamba namba ya dirisha haidumu. Ukizima na kuwasha, kila dirisha linapewa nyingine. Kesho yake Mama Ghati aliwasha mashine mbele ya wajumbe wote wa kamati, na dirisha lililobahatika kupata namba ile lilikuwa la picha ya Mzee Enoka akipokea cheti. Teminali ikaota katikati ya paji la uso wa mwenyekiti, kijani, ikipepesa kialama chake.

"Mama anasema umemwotesha mwenyekiti jicho ra tatu," Happyness aliripoti, na safari hii hakujaribu kurekebisha matamshi.

Felisian alirekebisha kwa aibu. Akaiagiza mashine isitafute dirisha kwa namba bali kwa jina. Hapo akakwama tena, kwa sababu jina lililoandikwa juu ya daftari la maziwa lilikuwa la katibu mwenyewe, na mkwe hatamki jina la mama mkwe. Je, kuliandika ni kulitamka? Hakuwa na wa kumuuliza. Akabadilisha jina la dirisha likawa "Mama", akatulia.

Ikawa salama. Mama Ghati akazoea, na kwa vile alikuwa mwalimu, alidai amri za Kiswahili. Felisian akamtungia. Ukiandika *maziwa*, unapata lita za leo. Ukiandika *kula*, kioo kizima kinafunikwa na picha ya ng'ombe na tangazo kubwa kwamba wahusika wamekwenda chakulani, ili wajumbe wasichungulie daftari. Na mkutano mkuu wa uchaguzi ulipokaribia akaongeza nyingine: ukiandika *kura*, unatokea ukurasa wenye majina ya wagombea na nafasi ya kujaza hesabu.

Nadhani umeshaona shimo lilipo. Felisian hakuliona. Mama Ghati, kama wengi wa kwao, ulimi wake haukuwa na haja ya herufi mbili pale ambapo moja inatosha. Kwenye kuandika hakukosea hata nukta, maana alifundisha imla miaka mingi. Lakini mdomoni l na r zake zilikuwa mtu mmoja.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mzee Enoka alikuwa anang'atuka, na waliotaka kiti chake ni Faustine, mwenye sauti, na Boniphace, mwenye ng'ombe. Felisian aliazima projekta Bunda, kompyuta ya katibu ikahamishiwa meza kuu, na ukuta mzima nyuma ya meza hiyo ukawa kioo. Siku mbili kabla Happyness alimletea ujumbe ambao hakupenda kuuleta.

"Mama anasema amewaalika watu wengi waje waone hiyo kazi yako. Anasema baada ya mkutano huu atajua kama mume wa binti yake ana kazi au hana."

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Felisian hakulala vizuri. Unaweza kusema ni mambo ya kompyuta tu, lakini yeye alijua kinachopimwa siku hiyo si kompyuta.

Mpango ulikuwa rahisi. Mama Ghati atakuwa amesimama anahutubia, hawezi kuandika huku anahutubia. Kwa hiyo atataja amri kwa sauti, na Felisian, ndani ya stoo katikati ya makopo, ataiandika kwenye teminali yao ya pamoja, na ukuta utatii. Si kuongea na mkwe huko, ni kuiamrisha mashine. Mila haikuwa na la kusema.

Asubuhi ilikwenda vizuri ajabu. Mama akisema "maziwa", lita zinatokea ukutani na watu wanaguna kwa furaha. Felisian alisikia makofi kupitia kwenye tundu la waya, akayahesabu kuwa yake. Kisha upepo ukageuka, harufu ya nyama ikaingia ukumbini, na wajumbe wakaanza kugeuza shingo kuelekea kwa Dafroza na wenzake waliokuwa wanapika nje.

Mama Ghati aliwajua watu wake. Mjumbe akishashiba, hapigi kura, anakwenda nyumbani. Akagonga meza, akatangaza ratiba kwa sauti ya darasani.

"Sikirizeni! Kura kwanza, kura baadaye!"

Ukumbi ukaelewa bila shida, wote wakiwa wamezoea. Ndani ya stoo Felisian aliganda. Kura kwanza, kura baadaye. Mojawapo ilikuwa kula, lakini ipi? Tumbo lake, ambalo lilikuwa halijapata kitu tangu alfajiri kwa wasiwasi, likamshauri. Na akili nayo ikaunga mkono: nyama imeiva, saa saba imepita, nani atapiga kura na njaa?

"Mashine!" Mama akasema huko nje. "Kura!"

Felisian akaandika *kula*.

Ng'ombe mkubwa akajaa ukutani, na juu yake, kwa herufi ambazo hata asiye na miwani alizisoma: TUMEKWENDA KULA.

Faustine alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema baadaye kwamba alikuwa anatii tangazo la ofisi. Nyuma yake viti vilianguka, watu wakapita mlangoni wawili wawili mlango wa mtu mmoja, na huko nje Dafroza akasikika akipiga kelele kwamba wali haujakauka na atakayegusa sufuria ataungua na asimlaumu mtu. Kura, nikuondolee wasiwasi, zilipigwa saa tisa na Boniphace akashinda, tuachane nazo. Kwa wakati huo ukumbini alibaki Mama Ghati, amesimama mbele ya viti vitupu, na Mzee Enoka, ambaye magoti yake hayakumruhusu kukimbilia kitu.

Felisian hakuona lolote. Alisikia tu kishindo, kisha kimya, na kimya ndicho kilichomtisha. Akaiondoa picha ya ng'ombe kwa haraka. Teminali ikabaki tupu kwenye kioo chake, na ukutani pia, kijani kitupu. Kisha herufi zikaanza kutokea, moja moja, zikitafutwa kwa kidole kimoja. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kibodi, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamwandikia yeye.

*Baba Sara umefanya nini*

Sara ni binti wa Felisian. Mashine, isiyojua heshima za watu, ikachukua neno la kwanza ikidhani ni amri, ikajibu chini yake:

*Baba: amri haijulikani*

*Mimi nilisema kura siyo kula*

*Mimi: amri haijulikani*

Kupitia tundu la waya Felisian alisikia sauti ya mwalimu mstaafu ikinong'ona, "Mimi? Mimi sijurikani?"

Akatamani makopo yamfunike. Alinyoosha mkono aandike kitu, akaurudisha. Ataandika nini? Na wakati huo huo, bila yeye kujua, ukumbi ulikuwa unaanza kujaa tena, kwa sababu chakula hakikuwa tayari na mtu aliyechungulia mlangoni aliona maneno yanajiandika ukutani, akawaita wengine. Mama Ghati ndiye asiyewaona. Ukuta ulikuwa mgongoni kwake, na macho yake yote yalikuwa kwenye kibodi akizisaka herufi.

*Watu wamekimbia kama ng'ombe walioona chumvi*

Safari hii mashine haikujibu. Ilitoa kialama kidogo tu, hiki: >

Felisian alielewa papo hapo. Ni kile kikato cha katika neno ng'ombe, kialama kinachokaa juu kati ya g na o. Kwa Mswahili ni sehemu ya jina la mnyama. Kwa mashine ni kufungua mabano ya maneno, na ikishayafungua hainuni wala haikatizi, inakaa inasubiri hadi mtu ayafunge, hata kwa mwaka. Kitufe kimoja kingetosha kuyafunga, na kidole cha Felisian kilikuwa juu yake.

Huko nje Mama Ghati aliona tu kwamba hatimaye amesikilizwa bila kukatizwa. Akaendelea.

*Lakini kosa si lako ni la ulimi wangu*

>

*Walinicheka darasani miaka mingi na sikujali*

>

*Leo nimeona aibu kwa sababu nilitaka waone kazi yako*

>

Felisian akatoa kidole kwenye kitufe. Akaweka mikono yote miwili mapajani.

*Happyness alipougua baada ya kumzaa Sara wewe ulifua nguo zake uwanjani mbele ya wanaume wenzako*

>

*Niliona kutoka dirishani nikashindwa kusema kitu kwa sababu ya ukwe*

>

*Mila imekataza mdomo. Vidole sijasikia ikivitaja*

>

Ukumbini Mzee Enoka alikuwa anawasomea wasioona mbali, neno kwa neno, kwanza akicheka pamoja nao kwa ajili ya ng'ombe na chumvi, halafu bila kucheka. Dafroza aliingia na mwiko mkononi kuwaita watu mezani, akabaki amesimama nao, ukidondosha mchuzi sakafuni.

*Sina mtoto wa kiume. Nilikuwa nasema sina*

>

*Wewe ni mwanangu*

>

Hapo ndipo Faustine, ambaye Mungu alimnyima uwezo wa kunyamaza, alisema kutoka mlangoni, "Mama, samahani, hayo maneno yote yako ukutani. Tunasoma wote. Heri uyafute."

Mama Ghati akainua kichwa. Akaona ukumbi umejaa. Akageuka taratibu, akaona mambo yake ya moyoni yamesimama ukutani, kijani na nyeupe, kuanzia ng'ombe hadi mwana.

Ndani ya stoo Felisian alikuwa amesimama katikati ya makopo, machozi yanamtoka waziwazi na hajali, lakini anaogopa. Alimjua huyu mama. Aliyeaibishwa hivi mbele ya ushirika mzima angeweza kung'oa waya kwa mkono, na asiseme naye tena, si kwa mdomo wala kwa kidole, hadi kaburini. Alisikia kiti kikisogezwa. Alisikia hatua zikija kwenye ukuta, zikasimama upande wa pili wa tundu.

"Baba Sara!"

Ilikuwa ni sauti yake, kwa kinywa chake, kwake yeye, na hapakuwa na Happyness katikati.

"Abee, mama," Felisian akajibu, akasahau kwamba mwanaume huitika naam.

"Kuza hayo maandishi. Ware wa nyuma hawaoni."

Felisian akajifuta macho kwa mkono wa shati, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisha tena, kisha tena. Herufi zikanenepa, na kadiri zilivyonenepa mistari ya juu ikasukumwa nje ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, hadi ukabaki ule wa mwisho peke yake. Mzee Enoka hakuwa na haja ya kuusoma kwa sauti, lakini aliusoma.